Kupunguza nguo inayokupwaya nyumbani: kila kitambaa na njia yake

Nguo ikikupwaya kwa saizi moja, mara nyingi inaweza kukaa mwilini bila mkasi wala sindano, mradi iwe ya pamba, kitani, viskosi (kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na mbao) au sufu. Ikikuzidi kwa saizi mbili, ipeleke kwa fundi. Tofauti ya saizi moja na inayofuata kwenye fulana na mashati huwa karibu sentimita 5 za mzunguko wa kifua, yaani takriban asilimia 5, na hicho ndicho kiasi ambacho pamba nyingi isiyofuliwa sana inaweza kurudi bila kuharibika. Ukitaka zaidi ya hapo utaanza kupigana na kitambaa, na kitambaa ndicho kitakachoshinda.

Kuna jambo la pili la kulijua kabla ya kubandika sufuria jikoni. Nguo hairudi sawasawa pande zote. Karibu kila mara urefu hupungua kuliko upana, ndiyo maana mtu anayetaka fulana imkae vizuri kifuani huishia na fulana inayoonyesha kitovu. Kazi yote iliyoelezwa hapa inahusu kulizuia hilo: kupima kwanza, kupunguza kidogo kidogo, na kuishika nguo ikiwa bado mbichi ili ikauke kwa umbo unalolitaka wewe.

Kinachofanya kitambaa kirudi

Pamba inaposokotwa kuwa uzi, ikafumwa, ikatiwa rangi na kunyooshwa kiwandani, kila hatua huivuta. Kitambaa hukaushwa kikiwa kimevutwa, kikabaki hivyo mpaka siku kinapokutana na maji. Maji yakiingia, nyuzi huvimba na kulegea. Uzi uliovimba unahitaji njia ndefu zaidi kuupita uzi mwenzake juu na chini, kwa hiyo huvuta kitambaa kizima kikasogeleana. Joto huharakisha kazi hiyo, na kutikiswa wakati kinakauka humalizia sehemu iliyobaki. Kwa kuwa kwenye kufuma mtande, yaani nyuzi za urefu, huvutwa kwa nguvu kuliko mshindio, nyuzi za upana, urefu ndio wenye mvutano mwingi wa kuachia.

Fulana haina mtande wala mshindio. Imefumwa kwa vitanzi vidogo vilivyoshikana. Kiwandani vitanzi hivyo huvutwa kwa urefu vikawa vyembamba. Vikilegea hufupika na kunenepa. Ndiyo sababu fulana nyingine hupoteza sentimita 5 za urefu huku upana wake ukipungua kidogo tu, au usipungue kabisa.

Mvutano ukishaachiwa, umekwisha. Fulana iliyofuliwa kwa maji ya moto mara nyingi haina tena cha kurudisha, hata uichemshe kutwa nzima. Vivyo hivyo kitambaa kilichorudishwa kiwandani kabla ya kukatwa. Njia ya kufanya hivyo kwa mashine, kwa kukisukuma kitambaa kijikusanye kwa urefu wake, ilipatiwa hataza na Mmarekani Sanford Cluett mwaka 1930, na kitambaa kilichopitia njia hiyo kikamilifu hubakiwa na asilimia 1 hivi ya kurudi. Lebo ikisema nguo imerudishwa kabla ya kushonwa, tarajia asilimia 1 hadi 3 na si zaidi.

Sufu na nyuzi za plastiki zina mambo yake mengine kabisa, tutayafikia.

Kujua ni nguo ya nini

Lebo ya ndani hutaja nyuzi kwa asilimia. Pamba asilimia 100 inarudi vizuri. Mchanganyiko wa pamba 60 na poliesta 40 hurudi kidogo, kwa sababu poliesta huishikilia pamba isisogee. Ikifika nusu kwa nusu, usitegemee zaidi ya asilimia 2. Spandeksi, uzi unaonyumbuka kama mpira, hata ikiwa asilimia 2 tu inabadilisha mpango mzima, kwa maana joto kali huichosha na nguo ikapoteza ule mvuto wake wa kurudi mwilini baada ya kunyooka.

Kwenye alama za lebo, beseni lenye nukta moja ni maji ya 30°C, nukta mbili 40°C, tatu 50°C na nne 60°C. Alama ya pasi yenye nukta moja ni joto dogo la takriban 110°C, mbili ni 150°C, tatu ni 200°C. Mraba wenye duara ndani ni mashine ya kukaushia, na nukta zake zinaonyesha joto vilevile. Ukiwa na nia ya kupunguza nguo utakuwa unavuka kiwango hicho kwa makusudi, kwa hiyo ni vizuri ujue unavuka kwa kiasi gani.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ukingo wa kitambaa ndani ya mshono. Zisiwe nyuzi za kushonea, kwa kuwa hizo mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba. Zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani, mbali na nguo, uziwashe kwa kiberiti. Pamba, kitani na viskosi huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, moto wake huzubaa, na mabaki yake ni punje nyeusi inayosagika kwa vidole. Poliesta na nailoni huyeyuka, zikaacha tone gumu lisilovunjika.

Kupima

Ilaze nguo mezani bila kuivuta, uinyooshe mikunjo kwa kiganja. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka sehemu ya juu kabisa ya bega karibu na kola hadi pindo, na mkono kutoka mshono wa bega hadi mwisho. Kwa suruali pima kiuno, paja sentimita chache chini ya pale miguu miwili ya suruali inapokutana, na mshono wa ndani wa mguu. Andika. Kisha pima hivyohivyo nguo nyingine ya aina hiyo inayokukaa vizuri, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi iliyo mbele yako.

Tuseme fulana ina sentimita 56 kwapa hadi kwapa nawe unataka 53. Sentimita 3 katika 56 ni asilimia 5 na kidogo, na hilo linawezekana. Lakini urefu wake ni 74. Urefu ukirudi kwa asilimia 7, jambo la kawaida kwa fulana mpya, utabaki na karibu 69. Kama nguo yako inayokukaa vizuri ina urefu wa 70, tayari umepungukiwa kabla hujaanza, na utalazimika kuivuta urefu wakati inakauka. Hesabu hii ya dakika mbili ndiyo inayokuambia kama ujaribu au uache.

Angalia pia mabega. Mshono wa bega ukidondoka sentimita 4 au 5 kwenye mkono, maji ya moto hayatauinua hadi mahali pake. Mabega mapana ni kazi ya cherehani.

Maji ya moto kiasi gani

Bila kipimajoto unaweza kuchanganya kwa kipimo. Lita 1 ya maji yanayochemka na lita 1 ya maji ya bomba yenye takriban 20°C hutoa maji ya karibu 60°C. Lita 1 ya yanayochemka kwa lita 3 za baridi hutoa karibu 40°C. Beseni lenyewe hula digrii chache, na maji ya bomba hayalingani kila mahali, kwa hiyo hivi ni vipimo vya kuongozea. Kwa mkono, 40°C ni joto la maji ya kuoga. 60°C huwezi kuacha mkono ndani. Tumia mwiko au koleo la jikoni kugeuzia nguo, wala usikamue kitu kilichotoka kwenye maji hayo mpaka kipoe.

Kabla ya chochote, fanya jaribio la rangi: lowesha kona ya ndani ya pindo kwa maji ya joto utakalotumia, ibane kwa kitambaa cheupe kwa dakika moja. Cheupe kikishika rangi, nguo itachuja. Bado unaweza kuendelea ikiwa ni ya rangi moja, lakini peke yake kwenye beseni, ukijua kwamba itapauka. Ya rangi mbili, hasa nyeupe yenye mistari ya rangi nzito, iache. Wengi hutia siki au chumvi wakiamini inafunga rangi. Kwa nguo ya pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani haifungi kitu.

Fulana na nguo nyingine za pamba za vitanzi

Igeuze ndani nje, hasa ikiwa na chapa ya mpira kifuani, kwa sababu kitambaa kikirudi chini ya chapa isiyorudi, chapa hupasuka nyufa. Chemsha maji ya kutosha kuifunika nguo yote ikielea, lita 6 hadi 8 kwa fulana moja. Zima moto. Usiache nguo juu ya moto unaowaka, maana sehemu inayogusa kitako cha sufuria inaweza kuungua wakati ya juu inaelea na hewa ndani. Itumbukize, igeuze kwa mwiko mpaka ilowane kila mahali, funika, na uiache dakika 20. Kuiacha saa mbili hakuongezi kitu cha maana. Maji yanapoa, na kile ambacho kingeachia kimeshaachia. Ukitaka kuanza kwa tahadhari, na kwa fulana unayoipenda anza hivyo, tumia maji ya 60°C na uongeze joto mara ya pili.

Itoe, ipoe, ikamue kwa kuibana badala ya kuisokota. Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya kurudi kwa pamba hutokea wakati wa kukauka, si wakati wa kuloweka.

Mwenye mashine ya kukaushia aiweke kwenye joto kali na kuitazama baada ya dakika 15, kisha kila dakika 5. Kule kutupwatupwa ndiko kunakofanya vitanzi vijikusanye. Asiye nayo aizungushe nguo ndani ya taulo kavu, aikanyage ili taulo linywe maji, kisha aikaushe kwa pasi ya moto ikiwa juu ya kitambaa chembamba cha pamba. Katika kupiga pasi kwa lengo hili, shindilia na kuinua, shindilia na kuinua. Ukiiburuza pasi unakivuta kitambaa na kukirudisha kilikotoka. Kuianika kwenye kamba ndiyo njia dhaifu kuliko zote, kwa sababu uzito wa maji unaivuta chini wakati ingetakiwa ijikusanye.

Ikiwa urefu una nafasi ya kupungua, iache ikauke kabisa. Ikiwa urefu hauna nafasi, itoe ikiwa imebakiza unyevu kidogo, ilaze mezani, shika mabega kwa mkono mmoja na pindo kwa mwingine, uivute taratibu kwa urefu, ukisogea kutoka ubavu mmoja hadi mwingine sentimita 10 kwa 10. Kitambaa cha vitanzi kikivutwa kwa urefu hujibana kwa upana. Kwa hiyo unapata mambo mawili kwa pigo moja: urefu unaongezeka, kifua kinapungua. Pima, vuta tena kama inahitajika, kisha iache ilale palepale mpaka ikauke. Hii ndiyo mbinu inayotenganisha fulana iliyopunguzwa na fulana iliyoharibika, na ajabu ni kwamba watu wengi huimaliza nguo kwenye mashine bila kuijaribu.

Makosa mawili huonekana sana hapa. La kwanza ni mishono ya ubavuni kujizungusha, mmoja ukaja mbele mwingine ukaenda nyuma. Hutokana na uzi wenyewe, ambao ulisokotwa upande mmoja na sasa unataka kujifungua. Ukiona umeanza, inyooshe nguo ikiwa mbichi kwa kuivuta kwa mshazari wa upande wa pili. Ikishakauka ni vigumu. La pili ni mishono kujikunja kama mkufu, kwa sababu uzi wa poliesta uliotumika kushonea haukurudi pamoja na kitambaa. Pasi yenye mvuke huipunguza hali hiyo, haiiondoi.

Mashati ya pamba na kitani

Shati la mtande na mshindio hurudi kidogo kuliko fulana, na sana kwenye urefu wa mwili na mikono. Kola na vikofi (ncha za mikono zenye kifungo) vina kitambaa kigumu kilichobandikwa ndani kwa gundi ya joto. Kitambaa cha nje kikirudi na kile cha ndani kisirudi, kola hufanya mapovu madogo yasiyotoka hata kwa pasi. Kwa hiyo maji ya shati yasizidi 60°C, dakika 20, na wakati wa kukausha shughulikia mwili na mikono. Kola iache ikauke kwa hewa. Ukishaona mapovu, simama hapohapo.

Kitani hufuata njia hiyohiyo. Hurudi sana katika ufuaji wa kwanza na wa pili, kisha hutulia. Ndiyo sababu anayenunua kitani au pamba ya kwenda kumpa fundi anapaswa kukifua na kukikausha kwanza, kwa joto lilelile atakalofulia nguo ikishakamilika. Kukata kitambaa kibichi ni kujitafutia suruali fupi.

Jinzi

Kuna jinzi za aina tatu, na kila moja ina jibu lake. Jinzi mbichi ambayo haijawahi kufuliwa wala kurudishwa kiwandani inaweza kupoteza asilimia 7 hadi 10, na mguu hupungua zaidi kuliko kiuno. Hii hununuliwa makusudi ikiwa imezidi urefu. Ifunge vifungo na zipu, igeuze ndani nje, iloweke katika maji ya 60°C kwa dakika 45 ikiwa imelazwa bapa ndani ya bafu au beseni refu, kwa sababu ikikunjwa maji ya moto huacha mistari myeupe kwenye mikunjo. Itachuja buluu nyingi, kwa hiyo isiwe na nguo nyingine. Ikiwa na kiraka cha ngozi nyuma ya kiuno, jua kwamba ngozi hujikunyata na kukauka katika maji ya moto. Kifumue kwanza au ukubali kukipoteza.

Jinzi ya pamba tupu iliyokwisha kufuliwa kiwandani ina asilimia 1 hadi 3 iliyobaki. Maji ya moto na mashine ya kukaushia yatakurudishia kile ilicholegea kwa kuvaliwa, basi. Kiuno pekee kikikupwaya, lowesha kiuno tu kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, kisha kikaushe kwa pasi ya mvuke ukishindilia. Kitabana asubuhi. Baada ya saa kadhaa za kukaa na kuinama kitalegea tena, kwa hiyo kwa kiuno dawa ya kudumu ni kushonewa kidati nyuma, yaani kibano kidogo cha kukipunguza.

Jinzi ya spandeksi usiichemshe. Ile hali ya kubana baada ya kufuliwa ni spandeksi iliyopumzika. Maji ya 40°C na kuianika bapa yanatosha, na joto kali litaifanya magoti yatokeze na yasirudi tena.

Sufu

Hapa ndipo kwenye hatari, na pia ndipo penye uwezo mkubwa kuliko vitambaa vyote. Unywele wa sufu una magamba madogo yanayoelekea upande mmoja. Ukilowa kwa maji ya moto yenye sabuni, magamba hunyanyuka. Ukisuguliwa, kila unywele husogea upande mmoja tu na kunasa kwenye jirani yake. Hauwezi kusogea kinyume. Ndiyo maana sweta la sufu linaweza kupoteza theluthi ya ukubwa wake na lisirudi tena, huku kitambaa kikiwa kinene na kigumu. Sababu tatu zinahitajika pamoja: maji, joto na msuguano. Ukidhibiti msuguano, umeidhibiti kazi.

Tia maji ya 40°C kwenye beseni na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 5. Zamisha sweta, liache dakika 5, kisha libonyeze na kuliachia kwa viganja viwili sehemu zote kwa usawa: mwili mbele, mwili nyuma, mkono mmoja, mkono wa pili. Fanya hivyo kwa dakika 2. Litoe kwa kulibeba kutoka chini kwa mikono yote miwili, maana likining'inia likiwa limejaa maji litarefuka. Suuza, libane kwenye taulo, lilaze, pima. Halijabadilika? Rudia kwa dakika 2 nyingine, maji yakiwa 45°C au 50°C.

Kuwa mwangalifu na mwendo wake. Mwanzoni hakionekani kitu, raundi mbili au tatu hupita bure, halafu ghafla magamba yanakamatana na kila dakika inakula sentimita. Simama likiwa bado limezidi kipimo chako kwa sentimita 1. Suuza kwa maji baridi, kamua kwa taulo, lilaze juu ya taulo kavu, lisukume kwa viganja mpaka lifikie kipimo, na likauke hapo kivulini. Likaushe mpaka ndani kabisa kabla ya kulijaribu mwilini.

Mashine ya kufulia inafanya kazi hiyohiyo kwa dakika chache, lakini haikuulizi. Ukiitumia, isimamishe kila dakika 5 na ufungue. Sufu iliyotengenezwa kwa ajili ya kufuliwa na mashine imeondolewa makali ya magamba kwa klorini na kupakwa utando, na haitanaswa hata ukiisugua siku nzima, usipoteze sabuni.

Magoti ya suruali ya sufu yaliyovimba au viwiko vya sweta vina njia ya upole zaidi. Shika pasi ya mvuke sentimita 2 juu ya kitambaa bila kukigusa, kijaze mvuke, kisha kipigepige kwa kiganja kikiwa kimekusanywa kuelekea katikati, na ukiache kipoe bila kukigusa. Mafundi wa makoti hutumia mvuke hivihivi kuukusanya mkono uingie kwenye bega bila makunyanzi. Koti lenyewe la suti lisiingie majini kamwe, kwa kuwa sufu ya nje, bitana na kitambaa kigumu cha kifuani vitarudi kila kimoja kwa kiasi chake.

Viskosi na hariri

Viskosi hurudi hata kwa maji ya uvuguvugu, mara nyingi asilimia 5 na wakati mwingine zaidi, lakini ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, karibu nusu. Kuikamua au kuivuta ni kuichana. Iloweke katika maji ya 30°C kwa dakika 10 tu, ibonyeze maji kwa taulo, ilaze bapa ikauke, upime. Kama haitoshi, rudia kwa 40°C. Gauni lililokatwa kwa mshazari linaweza kutoka na pindo lililopanda huku na kushuka kule. Litundike usiku mzima likiwa kavu kabla ya kulikunja pindo upya.

Hariri laini na yenye kung'aa hurudi kidogo na hupoteza mng'ao wake haraka, kwa hiyo kupunguza nguo ya hariri kwa maji ni biashara isiyolipa. Hariri ya krepu, ile yenye uso wa chengachenga, imesokotwa sana na inaweza kurudi ghafla. Maji yasizidi 40°C, dakika 5, bila msuguano, ilowane yote kwa pamoja ili isipate madoa ya maji, na ikauke kivulini.

Poliesta, nailoni na akriliki

Nyuzi hizi hazinywi maji ya maana, kwa hiyo hazivimbi. Poliesta ilikwisha kutulizwa kiwandani kwa joto linalofikia takriban 180°C hadi 200°C, na hakuna maji ya nyumbani yanayofika huko. Ukiifua kwa 60°C na kuikausha kwa joto kali utapata asilimia 1, labda 2. Lakini kuanzia kama 70°C hadi 80°C nyuzi zake hulainika, na mikunjo inayoingia wakati huo hukaa. Pasi ya moto huacha alama inayong'aa au kuyeyusha kabisa. Nailoni ni laini zaidi na inataka pasi ya nukta moja tu.

Sweta la akriliki ni mtego mwingine, kwa sababu linafanana na la sufu. Mvuke na joto havilipunguzi. Huliua, likalegea, likarefuka na kuning'inia bila uhai, wala hali hiyo haibadiliki. Nguo za aina hizi tatu peleka kwa fundi azipunguze pembeni. Ngozi na suedi ziache mbali kabisa na maji ya moto.

Ikipungua kupita kiasi

Pamba na viskosi zinakubali kurudishwa nyuma kidogo. Changanya maji ya uvuguvugu na kondishina ya nywele, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, loweka dakika 30, usisuuze, bana maji kwa taulo. Ilaze nguo juu ya taulo kavu, ivute polepole pande zote hadi kipimo ulichoandika mwanzo, izuie kingo kwa vitu vizito au pini zisizoshika kutu, iache ikauke. Fulana iliyofupika kwa sentimita 5 inaweza kurejea 2 au 3. Sufu iliyonaswa kidogo inaweza kukubali pia. Iliyokwisha kuwa nene kama blanketi haifunguki, na matumizi yake yaliyobaki ni kukatwa kwa mkasi, kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo hakifumuki kingo.

Nguo ikishafikia kipimo chako, ifue kwa 30°C kuanzia siku hiyo na kuikausha ikiwa imelazwa. Fulana iliyopunguzwa ikianikwa kwenye kamba ikiwa imejaa maji, mabega yake huanza kunyooka tena ndani ya ufuaji mmoja au miwili.